"J'Accuse…!" ya Zola: nguvu ya makala, na maneno mawili yaliyomponza mwandishi

Alhamisi, 13 Januari 1898, gazeti la L'Aurore la Paris lilitoka na toleo lake namba 87 kwa bei ya sentimu 5. Ukurasa wa mbele ulijaa barua moja, ikamwagikia na ukurasa wa pili. Juu yake, kwa herufi nene zilizotanda upana wote wa karatasi, palikuwa na tamko moja: "J'Accuse…!", yaani "Nashtaki". Chini yake ikaelezwa kwamba hiyo ni barua kwa Rais wa Jamhuri kutoka kwa Émile Zola, mwandishi wa riwaya aliyekuwa maarufu Ufaransa nzima. Gazeti lenyewe lilikuwa changa, halijatimiza hata miezi minne, na kwa kawaida lilichapa nakala zipatazo 30,000. Siku ile zilichapwa kama 300,000.

Tutoe hukumu yetu kwanza, sababu zifuate. Kwa kazi ya kumfanya msomaji ambaye bado hajaamua aanze kutilia shaka hukumu ya mahakama, makala hii ni bora kabisa, na sehemu yake bora si ile inayonukuliwa kila mahali. Kwa kazi ya kusimama mbele ya hakimu, ina tundu moja, na serikali ilipenya humo humo. Anayetaka kujifunza kupima makala ya maoni hana pazuri pa kuanzia kuliko hapa, kwa sababu yaliyofuata yote yanajulikana: nani alishawishika, nani alikasirika, dai lipi lilithibitika na lipi lilikuwa kosa. Makala ya gazeti la leo asubuhi haikupi nafasi hiyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1894 idara ya upelelezi ya jeshi la Ufaransa ilipata waraka usio na saini, unaojulikana kwa jina la bordereau, ulioorodhesha siri za kijeshi zilizokuwa zikipelekwa kwa mwambata wa kijeshi wa Ujerumani. Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi mwenye asili ya Alsace, jimbo lililokuwa wakati huo chini ya Ujerumani, alikamatwa 15 Oktoba kwa madai kwamba mwandiko ni wake. Mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani 22 Desemba, milango ikiwa imefungwa. Januari iliyofuata akavuliwa vyeo hadharani, kisha akapelekwa Kisiwa cha Shetani, pwani ya Guiana. Mwaka 1896 mkuu mpya wa upelelezi, Georges Picquart, aligundua kwamba mwandiko ule ni wa ofisa mwingine, Meja Esterhazy. Wakubwa wake wakamhamishia mbali, hadi Tunisia. Esterhazy alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuachiwa huru 11 Januari 1898. Siku mbili baadaye makala ikatoka.

Sasa kazi. Swali la kwanza kwa makala yoyote ya maoni ni hili: anaambiwa nani, na anatakiwa afanye nini? Makala nyingi hufa hapa. Mwandishi anazungumza na "jamii", "wadau", "wahusika", na hakuna mhusika hata mmoja anayejiona ameitwa. Zola anamwita Rais Félix Faure kwa cheo chake. Anaanza kwa adabu ya mtu aliyewahi kupokewa vizuri: anamshukuru kwa ukarimu wa siku moja, anamwambia nyota yake imekuwa ya heri mpaka sasa. Anamkumbusha sherehe za urafiki na Urusi, na Maonesho ya Dunia yanayokuja. Ndipo anaposema kuna doa la tope juu ya jina lake, na kwa nukta moja anajisahihisha: "nilikuwa karibu kusema, juu ya ufalme wako." Ameanza na kitu anachokipenda anayeambiwa, yaani heshima yake, na kumwonyesha kwamba hicho ndicho kilichomo hatarini. Bado hajamgusa Dreyfus.

Lakini mtazame vizuri rais huyo. Zola mwenyewe, mbele kidogo, anakiri kwamba anajua Faure hana uwezo katika jambo hili, kwamba ni mfungwa wa Katiba na wa watu wanaomzunguka. Kwa nini basi amwandikie? Kwa sababu anayesoma kweli ni mnunuzi wa sentimu 5, na mnunuzi huyo hapendi kuhubiriwa. Akikuta wawili wanasemezana barazani, mmoja mkubwa na mwingine anamweleza mambo mazito kwa heshima, atasimama asikilize, na atajiamulia mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya barua ya wazi, na Zola anaitumia mpaka tone la mwisho: neno "Bwana Rais" linarudi kila hoja inapogeuka, kama mtu anayegusa mkono wa anayezungumza naye asije akapotea njiani.

Wako wasikilizaji wengine wawili waliofichwa nyuma ya Faure. Mmoja ni waziri wa vita, ambaye barua inamchokoza makusudi ashtaki. Wa pili ni raia 12 wa baraza la mahakama ya kiraia. Sheria ya magazeti ya 29 Julai 1881, vifungu vya 30 na 31, iliadhibu kashfa dhidi ya jeshi, mahakama, mawaziri na maofisa wa umma. Kesi za namna hiyo zilikwenda mbele ya raia wa kawaida, hadharani, na mshtakiwa aliruhusiwa kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli. Dreyfus alihukumiwa na wanajeshi ndani ya chumba kilichofungwa. Zola alitaka jambo lile lile lifunguliwe mbele ya watu. Kwa hiyo makala hii ilikuwa na kitendo mahususi cha kuomba, na anavitaja vifungu hivyo kwa namba katika aya za mwisho. Ukimaliza makala ya maoni bila kujua mwandishi anataka nani afanye nini kesho asubuhi, mpunguzie alama nyingi, hata kama lugha yake ni tamu.

Tuje kwenye sehemu tunayoiona bora. Iko mapema katika barua, pale Zola anapoipitia hati ya mashtaka iliyomtia Dreyfus hatiani. Anaandika hivi (tafsiri ni yetu):

"Dreyfus anajua lugha kadhaa, kosa, kwake hakukukutwa karatasi yoyote ya kumtia mashakani, kosa, mara nyingine huenda kwao alikozaliwa, kosa, ni mchapakazi, ana hamu ya kujua kila jambo, kosa, hababaiki, kosa, anababaika, kosa."

Isome kwa sauti. Neno moja limegeuzwa kibwagizo, limepigwa mara sita, na kila likirudi linapungua uzito mpaka mwisho halina maana tena. Hilo ndilo alilotaka, kuonyesha kwamba katika hati ile neno "kosa" lilikuwa tupu. Angalia alivyopanga. Kujua lugha kadhaa kunaweza kweli kumtia mtu mashaka kidogo, maana jasusi anahitaji lugha. Kutokukutwa na karatasi kunaanza kuwa kichekesho. Mbili za mwisho, "hababaiki" na "anababaika", zinauana zenyewe: ukitulia una hatia, ukitetemeka una hatia, basi hakuna namna ya kutokuwa na hatia. Zola hakutamka hitimisho hilo. Msomaji analifikia peke yake, na hitimisho ulilolifikia kwa miguu yako mwenyewe huliachi kirahisi.

Kuna jambo la pili kuhusu kifungu hicho, nalo ni la uthibitisho. Hati ile ya mashtaka ilikuwa imechapishwa na gazeti la Le Siècle siku chache tu kabla. Msomaji mwenye mashaka aliweza kutafuta nakala ya wiki ile akalinganisha. Huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika makala ya maoni: karatasi ya mpinzani wako mwenyewe, ambayo msomaji anaweza kuifikia. Nguvu hiyo ina sharti. Mwandishi akifupisha hati ya mpinzani, lazima ufupisho usibadilishe maana, na sharti hilo ni rahisi kulivunja kwenye orodha fupi kama hii. Ndiyo maana tunashauri mpimaji achukue angalau kipengele kimoja kati ya vilivyofupishwa akakitafute katika chanzo chake.

Kwa upimaji wa aya zilizobaki tumetumia njia ya kalamu tatu, na tunaipendekeza kwa makala yoyote. Chapa makala kwenye karatasi, uache nafasi pembeni. Kwa kijani, pigia mstari kila kinachoweza kuhakikiwa na mtu mwingine: tarehe, hati, jina la shahidi, kitendo kilichoonwa. Kwa buluu, pigia hitimisho lililotokana na hayo. Kwa nyekundu, pigia kila dai linalohusu kilichomo kichwani mwa mtu: nia yake, chuki yake, woga wake. Kwa makala ya maneno 800 kazi hiyo ni dakika 20 au 25. Hii ya Zola ni ndefu zaidi ya mara tano, hivyo tenga jioni nzima. Kisha angalia rangi zinavyofuatana. Kijani, kijani, buluu ni mwendo mzuri. Buluu ikitanguliwa na nyekundu tupu, simama hapo.

Masimulizi ya Picquart, kuanzia alipopata kadi ya telegramu iliyoandikiwa Esterhazy hadi alipopelekwa Tunisia, yanatoka yakiwa na kijani kingi: nani alimwambia nani, mwaka gani, mkubwa yupi alijua. Unaona mnyororo. Lakini ukifika kwa Luteni Kanali du Paty de Clam, karatasi inakuwa nyekundu. Zola anasema mtu huyo mmoja ndiye aliyeongoza kila kitu, aliyefanya kila kitu. Anamchora kama mtu aliyelewa visa vya riwaya za gazetini, mpenda barua zisizo na jina na mikutano ya mahali pa upweke. Anasema alitaka kumchunguza Dreyfus katika chumba kilichozungushiwa vioo. Anamwonyesha ameshika taa yenye kifuniko, akitaka aingizwe kwa mfungwa aliyelala ili ammulike ghafla usoni. Kwa taa hiyo Zola anamtaja aliyeisimulia, Meja Forzinetti, mkuu wa gereza, na hapo mstari ni wa kijani, tunamhesabia. Ila taa inathibitisha kwamba du Paty alikuwa mpelelezi wa ajabu. Haithibitishi kwamba yeye ndiye chimbuko la yote.

Na hakuwa yeye. Aliyeghushi barua ya kumzamisha Dreyfus alikuwa Meja Hubert Henry wa idara ile ile ya upelelezi, na katika orodha ya walioshtakiwa na Zola jina la Henry halimo. Agosti 1898, Kapteni Cuignet alipokuwa akiikagua barua hiyo kwenye mwanga wa taa, aliona kwamba mistari ya karatasi juu na chini ilikuwa ya rangi moja na mistari ya katikati ya rangi nyingine: vipande vya karatasi mbili tofauti vilikuwa vimegandishwa pamoja. Henry akakiri tarehe 30 mwezi huo, na kesho yake akajiua gerezani. Kosa la Zola hapa linaeleweka. Hakuwa na njia ya kuingia ndani ya idara, na mtunzi wa riwaya huzoea kumtafuta mhusika mmoja anayebeba uovu wote. Msomaji naye hupenda hivyo, maana mtu mmoja mwenye taa mkononi anakumbukwa kuliko ofisi yenye watu kumi wanaogopa kukiri kosa. Makala ikikupa mwovu mmoja anayeeleza kila kitu, hata kama amechorwa vizuri, jiulize kama mambo yale yangeweza kutokea bila yeye. Kwa kesi hii jibu ni ndiyo, na Zola mwenyewe anatoa ushahidi wa jibu hilo anapoeleza jinsi majenerali walivyoogopa kurudi nyuma.

Tunafika kwenye tundu. Katika aya za mwanzo Zola anasema mahakama ya kijeshi imethubutu kumwachia Esterhazy "par ordre", yaani "kwa amri". Maneno hayo mawili yanarudi tena mwishoni, katika shtaka la mwisho. Yana msingi gani? Hoja yake ni hii: waziri wa vita, Jenerali Billot, alikwisha kutangaza mbele ya Bunge kwamba hukumu ya Dreyfus ni ya haki, majaji wa kijeshi wako chini ya waziri, jeshi ni nidhamu, na nidhamu ni utii, hivyo haiwezekani majaji wampinge mkuu wao. Ni hoja nzuri ya kueleza kwa nini mahakama ile haikuwa huru. Ina kijani (kauli ya Billot bungeni) na ina buluu (hawakuwa huru). Lakini kati ya "hawakuwa huru" na "waliamriwa" kuna mto, na daraja halikujengwa. Amri ni tukio: mtu fulani alitamka, siku fulani, kwa fulani. Zola hakuwa na tukio hilo. Alikuwa na shinikizo lisilohitaji kutamkwa, jambo ambalo pengine ni baya zaidi, lakini ni jambo lingine.

Serikali iliona tofauti hiyo kuliko wasomaji wengi. Barua ilikuwa na mashtaka dhidi ya watu kumi kwa majina, pamoja na ofisi za wizara ya vita na mahakama mbili. Baadhi yalikuwa ya kweli na ya hatari sana, hasa lile kwamba Dreyfus alihukumiwa kwa karatasi ya siri ambayo yeye na wakili wake hawakuonyeshwa. Waziri aliyaacha hayo yote. Akachagua mistari michache tu inayosema Esterhazy aliachiwa kwa amri, akashtaki kwa hiyo peke yake. Kesi ilipoanza Februari 1898, kila wakili wa Zola alipotaka kumhoji shahidi juu ya Dreyfus, Jaji Delegorgue alijibu kwa sentensi ambayo Paris nzima ilikuja kuijua: "Swali hilo halitaulizwa." Tarehe 23 Februari Zola alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranga 3,000. Meneja wa gazeti, Perrenx, alipata miezi minne na faini kama hiyo, jambo linalosahauliwa mara nyingi: mstari dhaifu wa mwandishi hulipiwa pia na gazeti.

Je, maneno yale yalikuwa chambo alichokitupa makusudi? Wapo wanaosoma hivyo, kwa kuwa Zola alitaka ashtakiwe. Hatukubaliani nao kabisa. Chambo kilikuwepo cha kutosha bila "kwa amri". Kumwita waziri kwa jina na kusema alikuwa na ushahidi mkononi akauzima kulitosha kumfikisha mtu mahakamani. Kuongeza dai moja lisilo na uthibitisho kulimpa mpinzani nafasi ya kuchagua uwanja wa mapambano, na hakuna mpinzani mwenye akili anayekuja kukupiga pale ulipo imara. Kwa hiyo katika upimaji, usitafute wastani wa makala. Tafuta sentensi iliyo dhaifu kuliko zote, uikate ukiwa na kalamu nyekundu mkononi, kisha soma upya uone kama makala imepoteza chochote. Hapa isingepoteza kitu. "Mahakama iliyokuwa chini ya mkono wa waziri imemwachia Esterhazy" ina uchungu ule ule, na hakuna wakili angeweza kuivunja.

Tatizo kama hilo, dogo zaidi, liko kwa wataalamu watatu wa mwandiko, Belhomme, Varinard na Couard. Zola anasema ripoti zao ni za uongo na udanganyifu, isipokuwa daktari akiwapima akakuta wana ugonjwa wa macho na wa akili ya kuamua. Sentensi inachekesha, na ndiyo hasara yake. Msomaji anacheka badala ya kuuliza ripoti zile zilikosea herufi gani. Watatu hao walimshtaki kivyao, na wakashinda.

Na hapo ndipo makala ilipokosa kitu kikubwa. Kesi nzima ilisimama juu ya mwandiko. Gazeti la Le Matin lilikwisha kuchapisha picha ya bordereau tarehe 10 Novemba 1896, na ni picha hiyo iliyowawezesha watu wa nje kuutambua mwandiko wa Esterhazy. Zola anatuambia miandiko inafanana; hatuonyeshi. Hakuna picha mbili ubavu kwa ubavu, hakuna hata maelezo ya namna herufi moja inavyokatwa. Kwa msomaji aliyekuwa upande wa jeshi, hilo tu lingekuwa na uzito kuliko aya kumi za hasira. Ukurasa wa gazeti lenye kichwa kikubwa namna ile ulikuwa na nafasi ya mistari minne ya mwandiko.

Kuhusu wasomaji wa upande wa pili, kuna aya moja inayostahili kusomwa polepole. Wapinzani walisema wanaomtetea Dreyfus wanalitukana jeshi. Zola anajibu kwamba jeshi litakaloinuka kulinda ardhi ya Ufaransa ni wananchi wote, na kwa jeshi hilo hana ila upendo na heshima. Hadi hapo amefanya kinachotakiwa: amelichukua pingamizi kwa nguvu zake zote na kulikubali sehemu inayokubalika. Kisha anageuka. Anasema kinachozungumzwa ni upanga, bwana ambaye huenda kesho tutapewa, na kuubusu mpini wa upanga kama mungu, hapana! Sentensi ina moto, lakini imemmwagia maji yule yule aliyekuwa ameanza kumtuliza. Mzazi aliyekuwa na mtoto jeshini, ambaye nusu ya aya imemwambia "tunakupenda", nusu ya pili inamwambia kwamba anabusu upanga.

Orodha ya mwisho ndiyo iliyoipa makala jina. Inasimuliwa kwamba Georges Clemenceau, mhariri wa L'Aurore, ndiye aliyeliokota tamko hilo mwishoni mwa barua na kulipandisha juu; Zola mwenyewe alikuwa ameiita tu barua kwa rais. Ulikuwa uamuzi wa mhariri anayejua kazi. Msomaji anaona "Nashtaki" na nukta tatu, hajui nani anashtakiwa, na hapati jibu mpaka amalize karibu barua nzima. Aya nane zinaanza na tamko hilo moja. Soma vivumishi vyake kwa makini utaona si kelele za mtu aliyepandwa na hasira. Jenerali Mercier, waziri wa vita wa 1894, anashtakiwa kwa kushiriki "angalau kwa udhaifu wa akili". Boisdeffre na Gonse, majenerali wa makao makuu ya jeshi, mmoja "bila shaka" kwa ushabiki wa dini, mwingine "pengine" kwa mshikamano wa kijeshi. Mizani hizo ndogo, "angalau", "pengine", zinaonyesha mtu anayepima kila shtaka kivyake. Wanaomwiga huacha mizani na kubaki na mpigo peke yake, na mpigo bila mizani huchosha kwenye aya ya tatu.

Baada ya orodha zinakuja sentensi ambazo kwa maoni yetu zilishawishi kuliko zote: kwamba anajua anajitia chini ya vifungu vya 30 na 31, na anafanya hivyo kwa hiari, kwamba hafahamiani na hao anaowashtaki, hajawahi kuwaona, hana kinyongo wala chuki nao. Msomaji anayepima uaminifu wa mwandishi hujiuliza anapata nini kwa kusema haya. Hapa jibu limeandikwa: gereza.

Ilishawishi, basi? Kesho yake, 14 Januari, L'Aurore ilianza kuchapa majina ya waandishi, wanasayansi na walimu waliodai kesi ifunguliwe upya. Anatole France alikuwamo, na kijana Marcel Proust pia. Wiki hizo hizo zilizuka ghasia dhidi ya Wayahudi katika miji ya Ufaransa na Algiers. Makala ile ile iliwasogeza wengine na kuwapandisha wengine hasira, na mpimaji lazima ahesabu pande zote mbili. Hukumu ya 1894 ilifutwa 3 Juni 1899, ila baada ya kughushi kwa Henry kufichuka. Mahakama ya kijeshi ya Rennes ikamtia Dreyfus hatiani tena Septemba mwaka huo, akasamehewa siku kumi baadaye, na usafi wake ukatambuliwa na mahakama 12 Julai 1906. Zola alikuwa amefariki 1902.

Kwa anayetaka kuisoma: L'Aurore ya siku hiyo iko bure kwenye Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Fungua picha ya ukurasa uone kichwa na safu sita za herufi ndogo, halafu tafuta maandishi yaliyopigwa upya kwa ajili ya kusoma, macho yasiumie. Wasomaji wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi waliosoma kwa Kifaransa wataipata moja kwa moja. Wengine watumie tafsiri ya Kiingereza, ila wahakikishe ni barua nzima. Nukuu nyingi zinazosambaa ni za mashtaka nane tu, na ukianza na hizo utadhani ni makala ya mtu anayepiga kelele. Anza juu, nenda na kalamu zako tatu, na ukifika kwenye "kosa" la sita upumzike kidogo kabla ya kuendelea.

Neno la mwisho kabla ya salamu za heshima ni "J'attends", "Nangoja". Waziri wa vita aliwasilisha malalamiko yake siku tano baadaye, 18 Januari.